Mgonjwa wa Kuigiza na Sauti Yake

Miongoni mwa istilahi zinazowasumbua wafasiri wa maandiko ya afya siku hizi ni zile zinazohusu mafunzo ya wauguzi kwa njia ya maigizo. Mwanafunzi huvaa miwani mikubwa inayomziba macho, akajikuta yumo wodini mbele ya mgonjwa asiyekuwapo. Akampima joto, akamtafuta mshipa, akakosea, na hakuna aliyedhurika. Kifaa hicho kimekuja na majina yake, na majina hayo yanatakiwa yaseme Kiswahili. Kazi hiyo ni yetu, wala hatuikimbii. Lakini kabla ya kuyatafutia majina mambo haya, yafaa tuyatazame yalikotoka, maana mgonjwa wa kuigiza si mgeni wa jana. Huko Ulaya ana umri wa zaidi ya miaka 250, na kwetu ana umri ambao hakuna aliyeuandika. Katika historia hiyo tumeona jambo moja ambalo watengenezaji wa vifaa hawalitaji sana, nalo ni la lugha. Mdoli wa zamani alikuwa bubu, na kwa hiyo aliyefundisha ndiye aliyemsemea. Mgonjwa wa leo amekuja na sauti yake tayari, na sauti hiyo mara nyingi si ya Kiswahili.

Ili hoja yetu isielee hewani, tutaipima kwa mahali pamoja. Itumba ni makao makuu ya Wilaya ya Ileje, ambayo tangu mwaka 2016 imo katika Mkoa wa Songwe; kabla ya hapo ilikuwa chini ya Mbeya. Wilaya hiyo imepakana na Malawi, na Mto Songwe ni sehemu ya mpaka huo. Majina ya tarafa zake, Bulambya na Bundali, yanamwambia msomaji lugha zinazosemwa majumbani: Kilambya na Kindali. Walambya wako pande zote mbili za mpaka. Hospitali ya wilaya iko Itumba. Ile ya Isoko, juu milimani, imetokana na kazi ya wamisionari wa Kimoravian, ambao walifika Rungwe mwaka 1891. Basi muuguzi anayepangiwa kazi Itumba, awe ametoka chuo cha Dar es Salaam, cha Mbeya au cha Mbozi, atakuwa ameisomea fani yake kwa Kiingereza na atahudumia kwa Kiswahili. Tena baadhi ya wagonjwa wake, hasa mabibi wa vijijini, watamjibu kwa Kindali au Kilambya kwa kinywa cha mjukuu. Hizo ni lugha tatu hata kabla sindano haijatolewa katika karatasi yake.

Kiswahili chenyewe kilianza na neno la nyumbani. Katika kitenzi ugua tulipata uguza, yaani kumtunza anayeugua, na hadi leo mtu asiyejua hata kupima joto husema, "Niko kwetu, namwuguza mama." Aliyefanya kazi hiyo kwa mshahara hakupewa jina hilo upesi. Katika miaka ya 1920 serikali ya kikoloni ya Tanganyika ilianza kuwafunza vijana waliowekwa chini ya tawala za wenyeji, wafunge vidonda na kutoa dawa chache, na watu wakawaita madresa, kwa jina lililokuja pamoja na bandeji zao. Waliofuata waliitwa nesi na sista. Muuguzi na mkunga, ambayo ni maneno yetu, yalipanda ngazi polepole mpaka yakafika katika jina la Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania. Lakini yalipanda peke yake. Majina ya vifaa, ya hatua za kazi na ya makosa ya kazi yalibaki katika Kiingereza cha darasani, au katika mchanganyiko wa korido ambao kila hospitali ina wake.

Si kwamba Kiswahili kilishindwa kubeba elimu ya afya. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilifanywa kwa redio na kwa vitabu vidogo, na watu wazima wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi vya kujifunza juu ya malaria, kichocho, kuhara na uchimbaji wa vyoo. Mafundisho hayo yote yalisemwa kwa Kiswahili, na vyoo vikachimbwa. Lakini ilikuwa elimu ya kumpa mwananchi. Elimu ya kumpa muuguzi atakayemhudumia mwananchi huyo ilipita mlango mwingine.

Turudi kwa mdoli. Mwaka 1759 mkunga wa Kifaransa aitwaye Angélique du Coudray alipewa hati ya mfalme aende mikoani kuwafunza wanawake wa vijijini kazi ya kuzalisha. Wengi wao hawakujua kusoma. Kwa hiyo alishona nyonga na tumbo la mwanamke kwa kitambaa na ngozi, akatia pamba ndani, pamoja na kitoto cha nguo cha kutolewa humo, na wanafunzi wakazoeza mikono yao hapo. Alizunguka Ufaransa na kifaa hicho kwa zaidi ya miaka 20, na kimoja cha namna hiyo kimehifadhiwa hadi leo katika jumba la makumbusho mjini Rouen. Yeye alikiita mashine tu. Miaka 150 baadaye, mwaka 1911, chuo cha wauguzi cha hospitali ya Hartford, Marekani, kilipokea kutoka kwa mtengenezaji wa wanasesere, Martha Chase, mdoli mwenye kimo cha mtu mzima. Wanafunzi walimgeuza kitandani, walimwogesha na kumvika, naye akapewa jina la heshima, Bibi Chase. Kwa Kiswahili jina hilo lingekuwa zito zaidi, kwa kuwa bibi kwetu ni mtu wa kuamkiwa kwanza ndipo ageuzwe.

Wala du Coudray wala Chase hawakumpa mdoli wao sauti. Mdoli alilala kimya. Uchungu wake, haya yake na maswali yake yalikuwa katika kinywa cha mwalimu. Tungependa msomaji alishike jambo hili, maana ndilo lililouokoa ufundishaji katika lugha nyingi bila mtu kukusudia. Mdoli bubu anaweza kupelekwa nchi yoyote. Akishushwa melini Dar es Salaam, mwalimu wa hapo atamsemea Kiswahili siku hiyohiyo, na hakuna atakayesubiri mfasiri.

Huku kwetu sanamu ya kufundishia haikuwa bubu. Hans Cory, mzaliwa wa Austria aliyekuwa mtaalamu wa elimu ya jamii katika serikali ya Tanganyika, alichapisha mwaka 1956 kitabu juu ya sanamu za udongo zilizotumika katika jando na unyago, mathalani kwa Wasambaa na Wazigua. Sanamu hizo zilionyeshwa mwari pamoja na nyimbo zake, na maana ya sanamu ilikuwa ndani ya wimbo. Asiyeujua wimbo aliona udongo tu. Wazaramo nao wana mwana hiti, kinyago kidogo cha mti ambacho mwari hukitunza wakati wa kuwekwa ndani. Hatudai kwamba unyago ni chuo cha uuguzi. Ulifundisha mambo ya ndoa, uzazi na adabu kwa shabaha zake wenyewe. Tunachosema ni kwamba kungwi hakuwahi kutenganisha kielelezo na maneno yake. Ni desturi ya kufundisha ambayo mwandishi wa programu za leo angefaidika nayo kama angeisikia.

Mwaka 1960 mtengenezaji wa vitu vya kuchezea wa mjini Stavanger, Norwe, Asmund Laerdal, alitoa mdoli wa kufundishia kumpulizia hewa mtu aliyezimia. Uso wake ulinakiliwa kutoka kinyago cha msichana ambaye husimuliwa kuwa alikufa maji katika mto Seine mjini Paris. Huyu aliitwa Anne, na hapa ndipo lugha inapobisha hodi, maana hatua ya mwanzo ya zoezi ni kumtikisa mabega na kumwuliza kwa sauti kama yu mzima. Wanafunzi wa kila nchi wamemwuliza swali hilo kwa miaka zaidi ya 60. Hajamjibu hata mmoja, na kutojibu kwake ndiko alama kwamba hatua ya pili ianze. Mwaka 1963 daktari Howard Barrows wa Los Angeles alishika njia nyingine: alimfunza mwanamke mwenye afya ajifanye mgonjwa wa mishipa ya fahamu, ili wanafunzi wa udaktari wamhoji na kumpima. Huyo sasa alisema. Aliweza kulalamika, kunyamaza kwa makusudi, hata kumkasirikia mwanafunzi asiye na adabu. Kwa Kiswahili tunaweza kumwita mgonjwa wa kuigiza bila wasiwasi wowote, na jina hilo linatosha.

Hapa yafaa tuseme neno juu ya jina la mdoli, kwa kuwa wafasiri hulikosa mara kwa mara. Manekini, doli, mdoli na sanamu yote husikika. Manekini huwapeleka wengi kwenye duka la nguo. Sanamu husimama uwanjani. Mdoli wa mafunzo ndilo tunalolipendelea, ingawa kisarufi lina vituko: wingi wake ni midoli, kama mti na miti, lakini mwanafunzi aliyekwisha kumfunga bandeji hasemi "mdoli umelala", husema "mdoli amelala". Sisi hatuoni sababu ya kumsahihisha. Upatanisho wa kisarufi hapo unaonyesha kwamba zoezi limefaulu.

Kwa Tanzania historia hii ina sura yake iliyoandikwa vizuri, nayo haikuanzia katika miwani ya aina yoyote. Tangu mwaka 2009 nchi yetu ilijaribu katika hospitali 8 mpango wa kuwafunza wakunga kumsaidia mtoto mchanga kupumua, kwa kutumia mdoli wa plastiki anayejazwa maji ili uzito wake mkononi uwe kama wa mtoto. Kiini cha mpango huo ni kile kiitwacho dakika ya dhahabu: ndani ya dakika moja tangu kuzaliwa, mtoto asiyepumua awe amekaushwa, amesuguliwa mgongo ili ashtuke, na kama bado hajavuta pumzi, ameanza kupewa hewa kwa mfuko na barakoa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013. Vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vilikuwa vimeshuka kutoka 13.4 hadi 7.1 kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa hai.

Hospitali ya Haydom, mkoani Manyara, ilitoa fundisho chungu zaidi. Mwaka 2010 wakunga wake walifunzwa kwa siku moja, na walipopimwa baadaye mbele ya mdoli walifanya vizuri kuliko zamani. Lakini waliofuatiliwa katika chumba cha kuzalia hawakubadilika. Mkono uliojua mezani haukujua kitandani. Ndipo ikaanzishwa desturi ya mazoezi mafupi, ya dakika chache, yaliyorudiwarudiwa palepale kazini. Na taarifa ya mwaka 2015 ilionyesha vifo vya saa 24 za kwanza vikipungua kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila 1,000. Baadaye mpango mpana wa namna hiyo uliingia katika hospitali 30 za mikoa ya Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza, na taarifa yake ya mwaka 2025 ilionyesha kwamba vifo vya watoto tumboni na baada ya kuzaliwa vilishuka kutoka 15.3 hadi 12.5 kwa kila uzazi 1,000. Songwe haikuwa miongoni mwa mikoa hiyo mitano.

Wenye utafiti huo waliupima wingi wa mazoezi, si lugha, wala sisi hatuna haki ya kuyageuza matokeo yao yawe ushahidi wetu. Lakini kuna kifaa kimoja cha familia hiyohiyo ya midoli ambacho tunakitaja kwa furaha. Ni tumbo la mama la kuigiza, ambalo halilazwi mezani. Mkufunzi hulivaa kiunoni, akaketi kama mzazi, akaongoza kwa mikono yake mwenyewe kutoka kwa mtoto, kwa kondo la nyuma na kwa damu. Kwa kuwa aliyelivaa ni mtu, anasema. Analia, anamwita mama yake, anamwuliza mkunga, "Mbona mtoto wangu halii?" Mwanafunzi hana budi ajibu swali hilo huku mikono yake inafanya kazi. Hapo mashine ya du Coudray na mgonjwa wa Barrows wamekutana, na lugha ya zoezi ni ile ile ya watu waliomo chumbani.

Sasa tufike kwenye miwani. Mwaka 1968 Ivan Sutherland, mtaalamu wa kompyuta wa Marekani, alionyesha kifaa cha kuvaliwa kichwani kilichomfanya mtu aone maumbo yaliyochorwa na kompyuta yakigeuka kadiri anavyogeuza kichwa. Kilikuwa kizito hata kikaning'inizwa darini. Katika miaka ya 1980 Jaron Lanier na kampuni yake waliuza miwani na glavu za namna hiyo, na jina la ufundi huo likaenea kwa kinywa chake. Lakini jina lenyewe lilitangulia kompyuta. Mwandishi wa Kifaransa Antonin Artaud alilitumia katika kitabu kilichotoka mwaka 1938, naye alikuwa anazungumza juu ya jukwaa la maigizo. Mfasiri wa Kiswahili akumbuke asili hiyo. Neno hilo lilizaliwa kati ya waigizaji, na kitenzi chetu iga, pamoja na igiza, maigizo na kiigizi, kinalipokea bila taabu.

Afrika Mashariki ufundi huo umekwisha kufika. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford, pamoja na wenzao wa Kenya, walitengeneza mchezo wa simu uitwao LIFE, ambao humweka mhudumu wa afya katika hospitali ya kuchorwa na kumtaka aamue upesi la kufanya. Katika miaka ya 2018 na 2019 wauguzi na wakunga wa Busia, magharibi mwa Kenya, na wa Lagos, Nigeria, walijaribu mazoezi ya kumsaidia mtoto kupumua kwa njia ya simu iliyotiwa ndani ya miwani rahisi. Sifa ya njia hiyo ni kwamba haihitaji mwalimu awepo, wala haihitaji mdoli. Muuguzi wa zamu ya usiku anaweza kufanya zoezi peke yake. Kwa wilaya iliyo mbali na vyuo, hiyo si sifa ndogo. Upungufu wake unajulikana pia: ndani ya miwani mtoto hana uzito, na barakoa haiwezi kuvuja hewa chini ya kidole kisichokaa sawasawa.

Jina la ufundi huu kwa Kiswahili bado linagombaniwa. Katika tafsiri zinazofanywa na mashine tumekutana na "ukweli halisi", ambalo lasema kinyume kabisa cha kinachokusudiwa. Lililoenea zaidi ni uhalisia pepe, na hili tunalitetea, ingawa si kwa sababu inayotolewa kwa kawaida. Wengi hudhani pepe limetoka katika upepo, kwa mfano wa barua pepe inayopita hewani. Wengine hulisikia karibu mno na pepo, na wodini, ambako kuna jamaa wanaoamini kwamba degedege la mtoto linatokana na pepo, mwangwi huo si wa kuchekewa. Lakini pepe ni neno la shambani. Ni punje ya nafaka yenye ganda zima lakini haina kiini ndani. Mkulima wa mpunga wa Kyela, jirani ya Ileje, huijua kwa kuishika, na hujua pia kwamba kwa macho haina tofauti na punje nyingine. Hatujui maelezo mazuri zaidi ya mgonjwa aliyemo katika miwani. Neno la Kiingereza limejengwa juu ya Kilatini virtus, yaani nguvu au uwezo, na kwa hiyo linasifu. La Kiswahili linakiri. Mwalimu anayelieleza hivyo darasani atakuwa amewapa wanafunzi tahadhari pamoja na istilahi.

Lakini jina ni jambo dogo. Jambo kubwa ni yale anayoyasema mgonjwa pepe. Programu nyingi za namna hii zimeandikwa kwa Kiingereza. Mwanafunzi huchagua swali katika orodha, na mgonjwa hujibu: maumivu yako hapa, yalianza jana, ni makali kiasi hiki katika kumi. Tumjaribu mgonjwa huyo kwa Kiswahili. Tumbo la Mswahili haliumi tu. Linakata, linanyonga, linasokota, linachoma, linavuta, linaunguruma. Kitenzi kinachochaguliwa ni habari ya kitabibu, na mkunga mzoefu huipokea hivyo. Hesabu ya moja hadi kumi ni desturi ngeni ambayo mgonjwa huijibu kwa heshima ili asimvunje moyo anayeuliza. Tena mgonjwa akisema "nina mshipa", hakusudii ule ambao mwanafunzi amefundishwa kuutafuta mkononi. Huenda anasema ngiri, na amelizunguka neno kwa sababu ya haya. Uchungu ni wa kuzaa, ni wa dawa, na ni wa moyoni, na mama mmoja anaweza kuwa nao wote watatu kwa wakati mmoja. Swali "umepata choo?" halihusu jengo. "Kuziona siku zake" halihusu kalenda. Haya yote ni tafsida, na tafsida ndiyo mlango wa kuingilia katika mazungumzo ya wodini; mwanafunzi asiyeijua atauliza maswali yote sahihi na kurudi na karatasi tupu.

Kuna na suala la kuamkiana. Mwanafunzi wa miaka 20 akikisogelea kitanda cha mama wa miaka 60 hana budi aseme shikamoo kabla ya kugusa, kisha aeleze anachotaka kufanya na kuomba ruhusa. Katika orodha za programu tulizoziona, kujitambulisha kwa jina huhesabiwa kuwa hatua. Shikamoo haimo, kwa kuwa aliyeandika hakuwa nayo. Basi mwanafunzi huipata alama kamili kwa kufanya jambo ambalo Itumba lingehesabiwa utovu wa adabu. Kwa mdoli bubu kosa hilo halikuwezekana, kwa sababu mwalimu aliyekuwa akimsemea angenyamaza mpaka aamkiwe.

Tafsiri, kwa hiyo, haitatosha kama itafanywa mwishoni, baada ya programu kukamilika, kwa kubandika Kiswahili juu ya vinywa vilivyokwisha kuchorwa. Mazungumzo ya mgonjwa yaandikwe upya kwa Kiswahili na watu wawili waliokaa pamoja, muuguzi mwenye zamu nyingi na mtu wa lugha. Na kwa wilaya kama Ileje awepo wa tatu, yaani mjukuu anayemsemea bibi yake. Ukalimani wa kitandani ni stadi ya uuguzi katika nchi yetu, lakini hatujakutana na zoezi linaloupima. Mahakama zilihitaji marekebisho ya sheria mwaka 2021 ili Kiswahili kiwe lugha yake. Wodi haihitaji sheria, kwa kuwa Kiswahili kimo tayari. Kinachokosekana ni maandishi yake.

Barakoa imetuonyesha jinsi neno linavyoweza kusafiri upesi. Katika kamusi za zamani ni kifuniko cha uso cha wanawake wa pwani. Hadi mwaka 2020 Watanzania wengi wa bara hawakuwa na haja nalo, na kabla ya mwaka huo kwisha lilikuwa limefika kila soko. Katika mazoezi ya kumpa mtoto hewa sasa linatumika bila maelezo. Mfuko unaoandamana nalo bado hauna jina moja. Sisi tunapendekeza mfuko wa kupumulishia, kwa kuwa kitenzi pumulisha kinaonyesha nani anafanya na nani anafanyiwa, jambo ambalo "mfuko wa hewa" halionyeshi.

Limebaki neno moja ambalo tungependa wasomaji walioko hospitalini watuandikie juu yake. Mtoto anayezaliwa bila kupumua, watu wa kwetu, na wauguzi pamoja nao, husema amezaliwa amechoka. Vitabu vya Kiingereza hutumia neno la Kigiriki ambalo asili yake ni kukosa mapigo ya mshipa, na kwa hiyo nalo halisemi kweli, maana mtoto huyo mara nyingi moyo wake unapiga. Amechoka ni neno la huruma, na mama husikia kwamba mtoto wake alipigana safari nzima. Lakini aliyechoka huachwa apumzike, na huyu hapaswi kuachwa hata sekunde 60. Je, katika zoezi, mkunga amwambie nini mama anayeuliza mbona mtoto halii? Baadhi yetu tunaona aseme "hajavuta pumzi, tunamsaidia". Wengine tunaona neno la watu lisiondolewe kinywani mwa mkunga, ila liongezwe kitenzi: "amechoka, tunampumulisha". Mdoli aliyejazwa maji anaweza kutumika kwa majibu yote mawili. Mgonjwa pepe atahitaji tuchague, kwa sababu sauti yake itarekodiwa mara moja tu.